Sekunde ya Kumi na Tisa

Februari, mjini Duluth, theluji imefika kimo cha madirisha,
Bi. Oftedal akazima taa za darasa,
akatuonyesha tangazo la kompyuta, sekunde thelathini.
"Chekeni kwanza," akasema.
"Kisha mniambie mmechekeshwa ili iweje."

Tukacheka.
Mzee wa sweta ya kahawia anabonyeza kitufe, anangoja.
Anachemsha yai. Anangoja.
Anafuma soksi, soksi inakuwa blanketi,
ndevu zinashuka hadi kwenye kibodi,
kuku anaingia (kuku! katokea wapi?)
anatulia juu ya printa, anataga.
Kisha jirani, kijana wa meno meupe, anawasha yake mpya:
anapiga chafya, na kabla hajasema "samahani"
imekwisha kuwaka.
Kirby alicheka mpaka penseli ikamtoka mkononi.

Kazi ya nyumbani: Wamekunasaje? Ukurasa mmoja.

Nikashuka chini ya nyumba, kwenye kompyuta ya baba,
kongwe, inayokoroma kama friji lenye mafua,
nikaandika, najiona hodari:

Kwanza, ulinganishi. Mmoja mjinga, mmoja mjanja,
na mlango wa tatu hakuna.
Pili, chumvi. Hakuna mashine iliyowahi kumfuga mtu ndevu,
lakini uongo ukivaa kofia ya mzaha
hakuna anayeuomba kitambulisho.
Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza;
hiki kinatembezwa na kuku.
Tatu, aibu

Hapo nikataka kulitazama tena, nihesabu sekunde.
Likaanza. Likakwama.
Sekunde ya kumi na tisa.
Kigurudumu kikazunguka, kikazunguka,
kuku mguu mmoja hewani,
na mzee ananitazama.

Darasani sikuwa nimemwona.
Kifungo cha tatu cha sweta kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine.
Kuna mtu alikishona. Au yeye mwenyewe,
usiku, miwani puani, sindano inakataa.
Macho hayakuwa ya mjinga.
Yalikuwa ya mtu aliyeambiwa arudie, mara ya arobaini,
kulingojea yai lilelile.
Na pale chini, herufi ndogo kama utitiri,
zile zinazopita mbio watu wakiwa wamefumba macho kwa kicheko,
zilikuwa zimesimama tuli. Nikazisoma zote:
kasi hutegemea matumizi;
bei haihusishi kioo, wala kibodi;
kuku hakudhurika.

Nikafuta nusu ya ukurasa. Nikaandika:
Kicheko kinahitaji mwendo.
Ukikisimamisha, kinageuka uso wa mtu.
Wametuuzia haraka, na wameiuza kwa haraka,
ili tusiwahi kuuliza
huyu mzee alikuwa na miadi gani
hata kungoja kumuue.

Baba akashuka. Majira haya hutengeneza meli
zilizolala barafuni, buti zake zina kutu hadi kwenye kamba.
"Imekwama?" akauliza, kwa sauti ya kuomba radhi,
kana kwamba ni yeye aliyekwama.
"Ipe muda. Huwa inafika."
Sweta yake ni ya kijani.
Nilihakikisha.

Bi. Oftedal alinipa alama ya B,
na kwa kalamu nyekundu, pembeni:
Mbinu ya tatu umeiacha njiani.
Kweli. Kila nikifika kwenye neno aibu
nilisikia buti kwenye ngazi.

Wala nisijifanye mtakatifu.
Jumamosi ile nilikwenda dukani na Kirby,
nikasimama mbele ya ile mpya,
nikatazama kulia, nikatazama kushoto,
nikabonyeza kitufe,
nikajilazimisha kupiga chafya.

Iliwaka kabla sijamaliza.